Shingo ya Baba

Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye karai. Niliyasikia kabla hata sijafumbua macho: yanachuruzika, yananyamaza, kisha nguo inakamuliwa na matone yanadondoka moja moja. Nilidhani ni mume wangu, Sekope, anajiandaa kuondoka na lori lake, lakini Sekope alikuwa bado kitandani anakoroma. Nikanyanyuka polepole nisimwamshe binti yetu Siale, aliyejipenyeza katikati yetu kama kawaida yake, nikaenda nikipapasa ukuta mpaka chumba cha kufulia.

Baba yangu alikuwa amesimama gizani kifua wazi, mwezi wa Juni huo, ambao huku kusini mwa dunia ni kipupwe, baridi ya Auckland inayopenya mpaka kwenye meno. Alikuwa anakamua shuka lake kwa mikono. Hakuwasha taa. Hakuwasha hata mashine ya kufulia, na mashine ilikuwa pale pale kando ya goti lake.

"Nimemwaga chai," akasema kabla sijauliza.

Baba hajawahi kufua shuka maishani mwake. Alifuliwa na mama yake, akafuliwa na mama yangu, na tangu Mama afariki, mwaka wa sita sasa, namfulia mimi. Tena hanywi chai usiku. Nikamwambia haya Baba, liache hapo nitalianika asubuhi, nikarudi kitandani na usingizi haukuja tena. Kwenye mlango wa friji yetu palikuwa na karatasi ya hospitali ya dalili za kuangalia, na mstari wake wa kwanza nilikuwa nimeukariri: jasho la usiku linalolowesha shuka.

Karatasi ile ilikuwa na miezi tisa pale. Tulipewa Septemba, siku tulipoambiwa kile kivimbe alichokipata Baba chini ya taya wakati wa kunyoa ndevu ni kitu gani. Yeye alidhani ni jino. Kazini kwake, kwenye ghala la kufungasha vitunguu, walimwambia ni vumbi. Walipokata kipande na kukipima, Daktari Naidu akatuketisha, akasema ni limfoma, saratani ya tezi, lakini ya aina inayokua taratibu sana. Mtu anaweza kuishi nayo miaka bila hata kuihisi.

"Hata ugonjwa wangu ni wa Kitonga," akasema Baba, maana sisi ni watu wa visiwa vya Tonga. "Hauna haraka."

Daktari alicheka kuliko nilivyotegemea. Kisha akatueleza vizuri, kwa kuchora. Kama uvimbe ungekuwa mahali pamoja tu, wangeupiga mionzi na huenda ukaisha hapo. Wa Baba ulikuwa shingoni, na mwingine mdogo kwenye kwapa, na mwingine tumboni, basi mionzi peke yake isingetosha. Dawa zipo na zinafanya kazi. Lakini kwa mtu asiyeumwa popote, kuanza dawa mapema hakujaonekana kumwongezea maisha kuliko kungoja, ila kunamwongezea madhara ya dawa. Kwa hiyo wangemfuatilia, kila miezi mitatu hospitali, na katikati yake nyumbani. Siku uvimbe ukianza kukimbia, ndipo wangeanza. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni Jumanne na Alhamisi, nimezoea kuandika kila ninachoambiwa, nikaandika na hilo: hatutibu leo, lakini hatumwachi.

Halafu akaingia muuguzi, Raewyn, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Akatuonyesha kwenye shingo yake mwenyewe jinsi ya kupapasa: chini ya taya, nyuma ya sikio, juu ya mfupa wa bega, kisha kwapani. Vidole vitatu, taratibu, kama unatafuta sarafu chini ya zulia. Akanigeukia mimi, akasema kwa kuwa ndiye ninayeishi naye, nitamkagua mara moja kwa mwezi na kujaza fomu. Nitaweza?

Nikapandisha nyusi na kutabasamu. Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, na Raewyn amewahudumia watu wetu kiasi cha kulijua hilo. Asichokijua ni kwamba mtoto wa Kitonga hagusi kichwa cha baba yake. Si shingo, si nywele. Jani likimdondokea kichwani unamwambia alitoe mwenyewe. Mama alipofariki na Baba akalaza kichwa mezani akilia, nilikaa kando yake nikaipapasa meza.

Kumkatalia mtu mzima usoni, mtu mwema namna ile, mbele ya baba yangu, tena nianze kumsimulia mila zetu kana kwamba zinahitaji kuombewa radhi, sikuweza. Nilikubali ili tutoke salama. Baba naye alinyamaza. Tukiwa ndani ya gari alisema mvua inakuja.

Basi kila tarehe mosi nikawa nasimama mlangoni mwa sebule na kumuuliza shingo vipi. Naye akawa ananijibu, "Shingo ipo. Inabeba kichwa." Nami nikawa naandika kwenye fomu: hakuna mabadiliko. Desemba hospitali walimkagua wakasema sawa. Machi wakasema sawa. Juni alisema amekwenda mwenyewe akitoka kazini na wameridhika naye. Nikaandika tena hakuna mabadiliko, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Asubuhi baada ya usiku ule wa shuka nilipiga simu hospitali kabla hajaamka. Msichana wa mapokezi akaniambia Bwana Taufa, yaani Baba, aliahirisha miadi yake ya Juni. Alisema ana zamu za ziada.

Nikaanza kuona vitu nilivyokuwa naviangalia bila kuviona. Skafu aliyoivaa tangu Aprili hata akiwa mezani. Tundu jipya kwenye mkanda wake, limetobolewa kwa msumari. Alivyoacha kuimba sauti ya chini kanisani, akawa anafungua mdomo tu.

Nilimngoja arudi kazini, nikampikia, nikakaa chini kuliko yeye kama inavyopasa, nikamwambia nimeongea na hospitali. Hakukasirika. Alikula mpaka akamaliza, akasukuma sahani, akaniuliza kama namkumbuka Mama alivyoingia hospitali. Nikasema namkumbuka. Akasema aliingia anatembea, tena amejipaka mafuta na amevaa viatu vya kanisani. Siku ya tatu wakamtundikia dripu. Baada ya hapo hakutembea tena.

"Daktari alisema tungoje," akasema. "Mimi nangoja."

Mimi ni binti yake. Juu ya neno lake siongezi neno. Lakini karatasi kwenye friji haikuandika tungoje tufe. Iliandika tungoje tukiangalia, na mtu wa kuangalia nilikuwa mimi.

Juu ya Baba, hapa duniani, yuko mtu mmoja tu: dada yake mkubwa, Shangazi Lesieli. Anakaa mtaa wa pili hapa hapa Mangere. Nilimkuta gereji anasuka mkeka na wanawake wenzake wa kanisa. Nikaomba wenzake watupishe kidogo, nikapiga magoti, nikamwambia yote: kuanzia nyusi zangu mbele ya Raewyn mpaka shuka. Hakuacha kusuka. Nilipofika kwenye fomu, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo miezi tisa unaiandikia serikali barua kuhusu shingo ambayo hujaiona."

Nikasema ndiyo, Shangazi.

"Na mwandiko wako ulivyo mzuri," akasema, akaendelea kusuka.

Nilianza kulia. Aliniacha nilie kwanza, kisha akanirushia taulo. Akasema shida yake yeye ni nyingine. Dada na kaka kwetu hawasemezani habari za mwili. Tangu Baba aote ndevu, Shangazi hajawahi kumuuliza hata kama ana mafua. Hawakai chumba kimoja kutazama televisheni. Sasa ataanzaje kutamka kwapa? Alifikiri safu nzima ya mkeka, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kisha akasema Jumapili atakuja kula kwetu, na nisimwambie Baba kitu.

Jumapili tulitoka kanisani tukafukua chakula. Sekope alikuwa amechimba shimo tangu alfajiri, akakifukia humo juu ya mawe ya moto kiive: majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui, viazi vikuu, kuku wawili. Baba akala sebuleni na Sekope. Shangazi akala barazani, kiti chake kimegeuzwa kutazama barabara, mlango wa sebule uko wazi nyuma ya bega lake. Ndivyo wanavyokula siku zote, ukuta mmoja katikati. Siale alikuwa anakwenda huku na huku na kipande cha kuku.

"Siale," Shangazi akasema, "kamuulize babu yako viazi vyake vya nyuma ya nyumba vinaendeleaje."

Siale akaingia, akatoka. "Babu anasema vizuri."

"Kamuulize amejuaje, na viko chini ya udongo."

Akaingia, akatoka. "Babu anasema anaangalia majani."

"Mwambie majani yanaweza kuwa mazuri na kiazi kimeoza. Mwambie marehemu baba yetu alikuwa anaingiza mkono."

Safari hii Siale alikawia kidogo. "Babu anauliza, Bibi anaongea mambo ya viazi au mambo mengine?"

Sekope alikohoa ndani. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika sahani ile ile moja muda mrefu. Nikasikia kiti cha barazani kinalia, Shangazi anajiweka sawa, na safari hii hakumtuma mtoto.

"Penisimani."

Ndilo jina la Baba.

"Penisimani, mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni dada yangu."

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa."

"Basi sikiliza, maana mambo haya nitayasema mara moja na sitayarudia mpaka nazikwa. Huyu mtoto wako alipewa kazi na hospitali. Aliikubali mbele yako, na wewe ulijua hawezi, ukanyamaza. Sasa anadanganya kwa ajili yako, na wewe unafua nguo usiku kama mwizi. Mwiko huu hatukupewa na hospitali, ni wetu. Na katika nyumba hii mwenye kuufungua ni mimi. Ninaufungua. Kalo."

Nikasema naam, Shangazi.

"Nenda ukamguse baba yako. Shingo na kwapa. Kwa ajili ya ugonjwa tu. Sijasema uwe kinyozi."

Kisha akanyanyuka akaenda kusimama getini, mgongo kwetu, mzito kama gogo, ili asisikie hata pumzi.

Sekope alimbeba Siale wakatoka. Baba alikuwa ameketi kwenye kochi, skafu shingoni, mikono juu ya magoti. Niliogopa atanifukuza. Nilifika mpaka mbele yake nikashindwa, nikapiga magoti, mikono yangu inanuka vitunguu na sabuni. Alinitazama. Kisha akavua skafu yake mwenyewe, akaikunja mara mbili, akaiweka kando, akainamisha kichwa.

Nina miaka ishirini na saba. Sikujua kwamba nywele za baba yangu ni laini. Nilidhani ni ngumu, zinavyoonekana. Nyuma ya sikio la kushoto ana kovu, na sikuwahi kumuuliza ni la nini kwa sababu sikuwahi kujua kwamba lipo. Nilianza chini ya taya, vidole vitatu, kama Raewyn. Cha zamani kilikuwepo, kimekuwa kama yai la kware, kinateleza chini ya kidole kama mpira. Kando yake viwili vingine. Juu ya mfupa wa bega, kimoja. Upande wa kulia, ambao Septemba haukuwa na kitu, vitatu vimeshikana kama zabibu. Nilinyanyua mkono wake wa kushoto nikaingia kwapani, na hapo sikuhesabu tena.

"Vingapi?" akauliza, kichwa bado chini.

Nikamwambia saba shingoni. Kwapani ni kama ngumi ya mtoto.

Akaanza kusema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayetoa vitu mfukoni: jasho tangu Pasaka, karibu kila usiku. Kilo tisa zimepungua. Mgongo unamuuma upande mmoja. Akifika ngazi za ghalani anapumzika katikati. Alidhani tusipojua, itakuwa bado tunangoja.

Jumatatu nilimpigia Raewyn. Nilikuwa nimejiandikia cha kusema, nikakisoma chote bila kupumua: kwamba fomu zote ni za uongo, kwamba sikuwahi kumgusa, na kwa nini.

"Kalo, kosa lile tumelifanya wawili," akasema. "Nilikuuliza kama utaweza, lakini nilikuwa nimeshakushikisha fomu."

Akatuita Jumatano ile ile.

Vipimo vilichukua majuma mawili. Picha ya mwili mzima, damu, kisha wakachukua tena kipande kwenye tezi ya shingo. Daktari Naidu alisema lazima wahakikishe, kwa sababu mara chache ugonjwa huu mpole hugeuka ukawa mwingine, wa mbio, na ule hutibiwa kwa namna tofauti. Majibu hayo yalikaa siku kumi. Siku kumi hizo Shangazi alituma chakula mara mbili kwa siku, kana kwamba jiko letu limeungua, na hakuuliza kitu.

Majibu yakaja: haujageuka. Ni ule ule wa mwanzo, ila umeamka. Tezi za tumboni zilikuwa zimeanza kubana mrija wa figo, ndiyo sababu ya mgongo kuuma. Daktari akasema sasa wakati wa kungoja umekwisha, na kwamba hatukuchelewa kiasi cha kuharibu kitu. Nilimwomba arudie sentensi hiyo. Akairudia.

Halafu akatuwekea njia mezani. Ya kwanza, dripu ya kingamwili peke yake, dawa inayozitambua seli zenye ugonjwa na kuzishika ili mwili uzimalize. Hiyo ni nyepesi, inawafaa sana wazee na wenye uvimbe mdogo. Ya pili, kingamwili hiyo hiyo pamoja na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, mara moja kila mwezi kwa miezi sita; inachosha zaidi, lakini inaulaza ugonjwa kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu wa miaka sitini na moja mwenye moyo mzima na figo inayobanwa, yeye angechagua ya pili. Akasema pia damu ya Baba inaonyesha aliwahi kupata homa ya ini zamani, kama wengi wetu tuliozaliwa visiwani, na dripu inaweza kuiamsha. Kwa hiyo angemeza kidonge kimoja kila siku kulilinda ini.

Baba alisikiliza yote hayo na kofia yake magotini. Alikuwa na swali moja tu.

"Hiyo dripu ni ile ya mke wangu?"

Daktari akamuuliza mke wake aliumwa nini. Baba akamsimulia, kwa mara ya kwanza nikimsikia akilisimulia lote: viatu vya kanisani, siku ya tatu. Daktari Naidu hakuharakisha. Akasema ule wa Mama ulikuwa umeshasambaa kabla mtu yeyote hajauona, na dripu ilimkuta njiani. Wa kwake unajulikana tangu ukiwa unatambaa.

"Sitakwambia utaisha kabisa, Bwana Taufa, nitakuwa nakudanganya. Mara nyingi huu hurudi. Lakini hulala miaka, kwa watu wengi miaka mingi, na ukiamka tena tuna dawa nyingine, na kila mwaka zinaongezeka. Watu wengi hufa nao wakiwa wazee, kwa jambo jingine kabisa."

"Jambo gani?"

"Sijui. Nyama ya kopo."

Baba akaweka sahihi.

Dripu ya kwanza ilikuwa Agosti. Shangazi alikuja akiwa amevaa mkeka wake wa kufunga kiunoni, vazi letu la heshima, kana kwamba anakwenda kwa mfalme, akaketi kwenye korido, kwa sababu ndani kaka yake alikuwa amefunguliwa shati. Saa ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili, Baba akaanza kutetemeka, meno yakigongana, kitanda kikilia. Nilifikiri ndiyo hiyo, ndiyo siku ya tatu ya Mama. Raewyn akafunga dripu, akamchoma sindano, akamfunika mablanketi, akaniambia ni kawaida kwa mara ya kwanza, mwili unashangaa tu. Watangoja nusu saa, kisha wataanza tena polepole. Nikatoka kumwambia Shangazi.

"Mwambie akitetemeka, atetemeke kwa heshima," akasema.

Nilimfikishia Baba. Alicheka huku meno yanagongana, kicheko cha vipande vipande, na Raewyn akaniuliza nimemwambia nini. Nusu saa baadaye wakafungua tena, tone moja, tone moja. Jioni alitoka hospitali kwa miguu yake. Alitembea mpaka kwenye gari, akapita, akatembea mpaka mwisho wa maegesho, akarudi.

Haikuwa rahisi, nisije nikasema ilikuwa rahisi. Alikuwa anatapika siku mbili, anachoka siku tano. Mara moja alipata homa tukampeleka hospitali akalazwa juma zima, chembe nyeupe zimeshuka, Siale haruhusiwi kumwona, akawa anampungia mkono kutoka kwenye bustani ya chini. Ghalani wakampa kazi ya mezani na akaichukia. Lakini kabla ya dripu ya pili shuka lilikuwa kavu. Baada ya ya tatu, picha ilionyesha uvimbe umepungua zaidi ya nusu na mrija wa figo umeachiwa. Kila tarehe mosi alikaa mwenyewe kwenye kochi bila kuitwa, akavua skafu, akainama. Nilipapasa, nikajaza fomu. Oktoba vilikuwa vitatu. Novemba nilitafuta kile cha yai la kware nikakipata kama punje ya dengu, na nikakaa nacho chini ya kidole muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baba aliniacha.

Kovu la nyuma ya sikio, nilimuuliza mwishowe. Alisema alipigwa nazi na Shangazi, akiwa na miaka saba. Shangazi anakana mpaka leo.

Dripu ya sita ilikuwa Januari, joto limekolea, Siale ametimiza miaka sita na hana jino la mbele. Baada ya hapo wakampiga picha nyingine. Daktari Naidu aliigeuza skrini ili sote tuione: mwili wa baba yangu, wa kijivu, na hakuna mahali palipowaka kuonyesha ugonjwa. Akasema hiyo ndiyo picha aliyokuwa anaitaka. Akasema tena, kwa kuwa ni mtu wa haki, kwamba hiyo si kupona kwa jumla, ni ugonjwa umelala, na sasa kazi ni kuurefushia usingizi: kingamwili peke yake, bila kemo, mara moja kila miezi miwili, kwa miaka miwili. Raewyn akatupa kadi yenye tarehe zote zimeshaandikwa.

Jioni ile Baba aliketi mezani na kadi, miwani puani, akizihamishia tarehe kwenye kalenda. Kalenda ya mwaka huu ikaisha. Akauliza ya mwaka kesho iko wapi, nikamwambia Baba, ni Januari, nani ana kalenda ya mwaka kesho. Basi akapiga mistari kwenye karatasi ya daftari langu la masomo, akachora miezi yake mwenyewe, na alipoimaliza hiyo akachora ya mwaka unaofuata. Siale alipanda kwenye goti lake, akaweka mkono mmoja shingoni mwake ili asidondoke, kama anavyofanya tangu azaliwe, na wa pili akawa anafuata kalamu.

Baba akalalamika kwamba ni nyingi. Miaka miwili, kila miezi miwili, mtu atakuwa anaishi hospitali kuliko kwake. Sekope akamwambia Mzee, si afadhali uwe na tarehe. Baba akaguna. Akaifikia ya mwisho, akaizungushia duara, akamwonyesha Siale: hiyo hapo, ndiyo siku nitakayomalizana na watu wale.

Siale alilitazama lile duara. Akafungua vidole vyake, akahesabu kuanzia sita, akahesabu tena kuhakikisha.

"Babu, siku hiyo mimi nitakuwa na miaka minane."